Je, Wajua? Arthur Mitchell, Kijana wa Harlem Aliyeitikisa Baleti

Je, wajua kwamba mmoja wa wacheza baleti wakubwa kabisa wa Marekani aliwahi kutafuta riziki kwa kung'arisha viatu vya watu? Aliitwa Arthur Mitchell, mzaliwa wa Harlem, New York. Alianza kama mchezaji, akawa mtunzi wa densi, kisha mkurugenzi wa sanaa wa kundi aliloliasisi mwenyewe. Kaa mkao wa kula, msomaji, maana mambo ni mengi!

Mtoto wa Harlem

Mwezi Julai 1933, tajiri mpenda sanaa Lincoln Kirstein aliandika barua akieleza ndoto ya mtunzi George Balanchine: kuanzisha baleti Marekani kwa kuchukua wachezaji nusu weupe, nusu weusi. Shule yao ilifunguliwa Januari 1934. Na unajua Arthur Mitchell alizaliwa lini? Machi 27, 1934! Shule na mwanafunzi wake maarufu walikuja duniani mwaka mmoja.

Akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa jela na mzigo wa nyumbani ukamwangukia yeye. Aling'arisha viatu, akapiga deki, akasambaza magazeti, akafanya kazi kwenye bucha la nyama. Wewe ukiwa na miaka 12 ulikuwa unafanya nini?

Aliyegundua kipaji chake hakuwa mwalimu wa densi. Mshauri wa wanafunzi alimwona akijimwaga kwenye sherehe ya shule, akicheza jitterbug, mtindo uliokuwa ukiwapagawisha vijana wa enzi hizo. Akamwambia kijana nenda kajaribu bahati yako kwenye shule ya sekondari ya sanaa za maonyesho.

Arthur akaenda. Watahini walimwona kijana kavaa kofia ndefu na koti la jioni, anacheza kama wale mastaa wa sinema. Akakubaliwa! Alipohitimu mwaka 1952, alikuwa mvulana wa kwanza kupata tuzo ya densi ya shule hiyo.

Wacheza baleti wengi huanza mazoezi wakiwa na miaka saba au minane, wakati mifupa bado laini. Mitchell aliingia shule ya Balanchine akiwa na miaka 18. Miaka mitatu tu baadaye alikuwa ndani ya New York City Ballet. Mitatu!

Tena kabla ya hapo alishafika Broadway. Mwaka 1954 alicheza kwenye onyesho la muziki liitwalo House of Flowers, na humo humo alikuwamo kijana mwingine mweusi asiye na jina, Alvin Ailey. Baadaye kila mmoja wao alianzisha kundi lake, na makundi yote mawili yamezunguka dunia. Bahati iliyoje kwa waliokata tiketi usiku ule!

Jukwaani kwa Balanchine

Hebu bahatisha: mara ya kwanza kusimama jukwaani na New York City Ballet, mwaka 1955, Mitchell alicheza kama nani? Mwana wa mfalme? Hapana. Alikuwa mchunga ng'ombe wa Marekani ya Magharibi, katika densi iitwayo Western Symphony, akichukua nafasi ya mwenzake aliyekuwa hayupo.

Mwanadada aliyecheza naye usiku ule aliitwa Tanaquil Le Clercq. Mwaka uliofuata, mwanadada huyo alipatwa na polio mjini Copenhagen na hakutembea tena. Lakini usimhuzunikie mapema, tutakutana naye mbele.

Sasa shika hii. Desemba 1, 1957, Mitchell alicheza Agon, densi ya watu 12 tu: wanawake wanane na wanaume wanne. Hakuna mapambo jukwaani, hakuna magauni ya fahari, ni nguo za mazoezi nyeusi na nyeupe. Hadi leo wajuzi wanaihesabu kati ya kazi kubwa kabisa za karne ya 20.

Muziki wa Agon uliandikwa na Igor Stravinsky, naye alikuwa na miaka 75! Mzee alikuja mwenyewe mazoezini kuwatazama. Fikiria wewe una miaka 23, unafanya mazoezi, na mtunzi mkubwa kuliko wote wa enzi yako amekaa pembeni anakuangalia miguu.

Balanchine alimpanga Mitchell acheze wawili wawili na Diana Adams, mwanamke mweupe kutoka Virginia. Miezi miwili hivi kabla yake, serikali ya Marekani ilikuwa imepeleka wanajeshi mji wa Little Rock kuwasindikiza wanafunzi tisa weusi waingie shuleni. Unaona ujasiri huo?

Na hapo Virginia, sheria ilikataza mtu mweusi na mtu mweupe kuoana. Sheria hiyo ilifutwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1967. Kwa hiyo Mitchell na Adams walishikana mikono jukwaani karibu miaka 10 kabla sheria haijaruhusu watu wa aina yao kushikana mikono kanisani!

Vipi kuhusu televisheni? Ilichukua hadi mwaka 1968 kwa Mitchell kuonekana akicheza sehemu hiyo ya Agon na mwanamke mweupe kwenye televisheni ya kibiashara ya Marekani. Ilikuwa kwenye kipindi cha Johnny Carson. Lishike jina hilo, nitakuuliza baadaye.

Unapenda vituko? Mwaka 1962 Mitchell alikuwa wa kwanza kumcheza Puck, yule kijini mtundu wa Shakespeare, katika baleti ya A Midsummer Night's Dream. Alikimbia, akaruka, akatega wapenzi mitego, na ukumbi ukampenda. Mwaka 1967 ikatoka filamu, na Puck ni yeye yule!

Oktoba 1962 kundi lilikuwa Moscow. Wakati huo huo Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zimeelekezeana makombora kwa sababu ya Cuba, dunia nzima imeshika roho mkononi. Na ndani ya ukumbi? Warusi wakimpigia Mmarekani mweusi makofi kwa Agon!

Aprili 4, 1968, Martin Luther King aliuawa. Mei 2 ya mwaka ule ule, Balanchine akawaleta jukwaani Arthur Mitchell na Suzanne Farrell katika densi ya kumkumbuka, Requiem Canticles. Ilichezwa usiku huo mmoja tu. Mmoja, basi!

Gereji yenye milango wazi

Habari za kifo cha King zilimkuta Mitchell akiwa safarini kuelekea uwanja wa ndege, aende Brazil alikokuwa akisaidia kujenga kundi la taifa la baleti. Akajiuliza: mbona naenda kuwafundisha watoto wa mbali, na watoto wa Harlem je? Akarudi nyumbani.

Darasa lake la kwanza lilikuwa wapi? Gereji! Kiangazi cha 1968 joto lilikuwa kali, ikabidi milango iachwe wazi. Watoto waliokuwa wakipita njia wakachungulia, wakaona, wakaingia.

Wavulana wa mtaani hawakutaka hata kusikia habari za taiti. Mitchell hakubishana nao: vaeni fulana na jinzi zilizokatwa, akasema, na akamleta mpiga ngoma. Ngoma ikilia, nani atabaki nje?

Alianza na watoto 30. Baada ya miezi michache walikuwa 400! Soma tena namba hiyo polepole, msomaji.

Mtaji je? Alitoa dola 25,000 za mfukoni mwake. Na mwaka 1969, pamoja na Karel Shook, akaliasisi rasmi kundi la Dance Theatre of Harlem akiwa na umri wa miaka 34.

Karel Shook huyo ni nani? Ni mwalimu aliyemfundisha Mitchell mwenyewe zamani, mtu mweupe aliyekuwa na kazi nzuri ya kufundisha kundi la taifa la baleti huko Uholanzi. Akaiacha Uholanzi akaja Harlem. Mwanafunzi aliita, mwalimu akaitika!

Katika bodi ya kwanza ya kundi hilo alikaa mwigizaji Cicely Tyson. Ndiyo, Cicely yule yule wa sinema! Na Balanchine naye akakaa humo, akaliruhusu kundi changa kucheza densi zake ambazo makundi makubwa yalikuwa yakizililia.

Unakumbuka Tanaquil Le Clercq, yule aliyepatwa na polio? Mitchell alimwita Harlem aje kufundisha, naye akaja katika kiti cha magurudumu. Hatua za miguu alizionyesha kwa mikono na vidole vyake, na wanafunzi wakamwelewa barabara! Alifundisha hivyo kwa miaka.

Ukienda New York leo, kundi hilo lina makao yake mtaa wa 152 upande wa magharibi, nyumba namba 466. Na jengo hilo kabla ya kufanywa kumbi za mazoezi lilikuwa nini? Umepatia: gereji!

Mtunzi na mkurugenzi

Onyesho rasmi la kwanza la kundi hilo New York halikufanyika kwenye ukumbi wa dansi. Lilifanyika Januari 1971 katika jumba la makumbusho la Guggenheim, lile lenye njia inayozunguka kwa ndani kutoka chini hadi juu. Densi tatu za usiku huo, zote zilitungwa na Mitchell!

Mojawapo iliitwa Rhythmetron. Sikiliza maajabu: muziki wake, kazi ya Mbrazili Marlos Nobre, ni wa ala za kupigwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna fidla hata moja, na watu wako juu ya vidole!

Nyingine iliitwa Tones, na muziki wake ulitungwa na binti kutoka Cuba aitwaye Tania León. Mwaka 1967 alifika Marekani kama mhamiaji. Siku moja rafiki yake mpiga piano akaugua, naye akaenda kumshikia nafasi darasani. Mitchell akamsikia, na akamfanya mkurugenzi wa kwanza wa muziki wa kundi lake!

Hadithi ya Tania haijaisha. Mwaka 2021 alishinda tuzo ya Pulitzer ya muziki, mojawapo ya heshima kubwa kabisa kwa mtunzi nchini Marekani. Yote hayo yalianza siku alipomshikia mgonjwa nafasi!

Mei 1971 Balanchine na Mitchell walitunga densi moja pamoja, mwalimu na mwanafunzi. Jukwaani walichanganyika wachezaji wa New York City Ballet na wa Harlem. Na bendi? Ni ile ya kipindi cha Johnny Carson! Jamaa huyu hatuachi.

Mwaka 1975 Mitchell alitunga Manifestations, hadithi ya Adamu na Hawa. Aliyetia fora humo hakuwa Adamu wala Hawa, bali nyoka! Mchezaji Mel Tomlinson, mwembamba na mrefu, alikuwa akijinyonganyonga hadi watazamaji wakasahau kwamba ana mifupa.

Kwa karne nzima, taiti na viatu vya baleti vilikuwa vya rangi ya waridi, ili mguu uonekane mrefu na usikatike rangi. Sasa mguu mweusi ukivaa waridi si unakatika? Mchezaji Llanchie Stevenson aliuliza swali hilo, Mitchell akasikia, na kufikia mwaka 1974 kundi zima likawa linavaa rangi ya ngozi ya kila mchezaji!

Lakini madukani viatu vya kahawia havikuwapo. Wachezaji walivipaka wenyewe kwa rangi na vipodozi, jozi baada ya jozi, na jozi moja yaweza kuisha kwa onyesho moja. Kiwanda cha Freed cha London kilitoa viatu vya ncha vya rangi ya kahawia na shaba mwaka 2018, yaani miaka 44 baadaye!

Na wajua ndani ya ncha ya kiatu hicho kuna nini? Wengi hudhani ni mbao au chuma. Kwa kawaida ni tabaka za kitambaa, karatasi na gundi! Mwili mzima wa mtu unasimama juu ya hicho.

Harlem yazunguka dunia

Mwaka 1984, London, Mitchell alileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alichukua Giselle, baleti ya kale iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1841, akaihamishia Louisiana kwa watu weusi huru wa miaka hiyo hiyo ya 1840! Hatua zilibaki zile zile, muziki ule ule, lakini vijijini mwa Ulaya hatumo tena.

Aliyeng'ara kama Giselle aliitwa Virginia Johnson. Binti huyu alijiunga na kundi tangu mwanzo wake, wakati kundi zima lilikuwa ndoto na jasho. Usimsahau, anarudi.

Mwaka 1988 kundi lilikwenda Urusi ya Kisovieti, likafika hadi ukumbi wa Kirov mjini Leningrad. Huko ndiko nyumbani kwa baleti ya Urusi, mahali ambapo Balanchine mwenyewe alisomea! Watazamaji wa Kirov si wepesi wa kupagawa, lakini siku hiyo walisimama na kushangilia.

Mwaka 1992 zamu ya Afrika ikafika. Kundi lilitua Johannesburg, Afrika Kusini, miaka miwili kabla ya uchaguzi uliomwingiza Nelson Mandela ikulu. Watu weusi na weupe walikaa ukumbi mmoja kuitazama baleti ya watu weusi!

Hawakucheza na kuondoka tu. Walikwenda kuwafundisha watoto, na kutoka safari hiyo ukazaliwa mpango wa elimu waliouita Dancing Through Barriers. Darasa la gereji lilikuwa limefika upande wa pili wa dunia!

Miaka ya baadaye Mitchell alitunga densi iitwayo South African Suite, akishirikiana na Augustus van Heerden na Laveen Naidu, wote wawili wazaliwa wa Afrika Kusini. Muziki? Wa Soweto String Quartet! Fidla za Soweto, viatu vya Harlem.

Mwaka 2000 wakaenda China. Hesabu mwenyewe: Urusi, Afrika Kusini, China, na kabla ya hapo Ulaya. Yote hayo na kundi lililoanza kwa watoto wa jinzi zilizokatwa!

Haya, sasa jibu swali nililokuahidi. Mwaka 1993 Mitchell alipewa heshima ya Kennedy Center, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za wasanii Marekani. Hupewa wachache kila mwaka, wakapanda pamoja. Nani mwingine alipanda naye mwaka huo? Johnny Carson! Yule yule wa kipindi cha 1968!

Mwaka uliofuata akapata tuzo ya MacArthur, ile wanayoiita tuzo ya vipaji adimu. Mwaka 1995 akapata nishani ya taifa ya sanaa. Miaka mitatu, heshima tatu kubwa!

Likaanguka, likasimama

Usidhani ilikuwa raha tupu. Mwaka 2004 kundi lilikuwa na deni la dola milioni 2.3, na wachezaji 44 wakaambiwa kazi imesimama. Lakini shule ilibaki hai. Watoto waliendelea kukunja magoti na kunyoosha vidole.

Nani alikuja kuliinua? Giselle wa Louisiana! Virginia Johnson, aliyekuwa ametoka kuhariri jarida la baleti aliloliasisi, akakubali kuwa mkurugenzi wa sanaa mwaka 2010. Mwaka 2012 kundi likarudi jukwaani, baada ya miaka minane, likiwa na wachezaji 18.

Mwaka 2015 Misty Copeland akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufikia cheo cha mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Kundi hilo lilikuwa na umri wa miaka 75! Mitchell, mwenye miaka 81, alikuwa hai kuishuhudia siku hiyo.

Mwaka 2018, mwenye miaka 84, mzee alirudi mazoezini Harlem kuifufua ile Tones yake ya zamani. Alifariki Septemba 19 mwaka huo huo kabla ya onyesho. Lakini kazi ilishaingia miguuni mwa vijana!

Aprili 2019 densi hiyo, sasa ikiitwa Tones II, ikachezwa kwenye sherehe za miaka 50 ya kundi, ukumbi wa New York City Center. Na unajua Agon ilionyeshwa kwanza wapi mwaka 1957? Ukumbi huo huo!

La mwisho hili hapa, na ni tamu. Tangu 2023 mkurugenzi wa sanaa wa Dance Theatre of Harlem ni Robert Garland. Alicheza katika kundi hilo chini ya Mitchell, kisha akawa mtunzi wake rasmi wa kwanza, na sasa analiongoza. Mchezaji, mtunzi, mkurugenzi: ngazi zile zile tatu alizopanda mwalimu wake. Haya, wa kwanza utakayemsimulia hili leo ni nani?